Andromeda, nusu kwa nusu, na galaksi iliyo juu ya bahari yetu

Klipu ile mmeshaiona. Galaksi mbili, yaani makundi makubwa mno ya nyota, zinavamiana, moto unaruka kila upande, halafu sauti nzito inatangaza kwamba wanasayansi wamekiri: Andromeda, galaksi jirani, haitaigonga Njia Nyeupe, galaksi yetu, na miaka yote hii walikuwa wanatupiga fiksi. Imenifikia kwenye grupu la ukoo, ikaja kwenye grupu la mtaa, kisha mtu ninayemheshimu sana akanitumia yeye mwenyewe na maneno haya: "Umeona sasa? Hawa watu leo hivi, kesho vile. Sayansi ya wazungu hiyo, sisi haituhusu."

Nimeshindwa kunyamaza. Ujumbe ule una makosa mawili makubwa, na la pili limeniuma kuliko la kwanza.

Kwanza kilichotokea. Juni 2025, Till Sawala wa Chuo Kikuu cha Helsinki na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Nature Astronomy. Waliichezesha safari ya galaksi hizi kwenye kompyuta mara 100,000, na kila mara walibadilisha kidogo vile vipimo ambavyo bado vina mashaka: uzito wa kila galaksi, umbali wake, kasi yake. Walichokipata ni kwamba katika miaka bilioni 10 ijayo, uwezekano wa Njia Nyeupe na Andromeda kuungana ni kama nusu kwa nusu. Ule mgongano wa miaka bilioni 4 au 5 ijayo, tuliouzoea kwenye video na mabango, uwezekano wake ni kama asilimia 2 tu. Hawakuandika popote kwamba Andromeda haitatugonga. Waliandika kwamba kwa vipimo vilivyopo leo, hakuna mwenye haki ya kuapa.

Nitakubali jambo moja, kwa shingo upande. Mwaka 2012 NASA, shirika la anga la Marekani, walipotangaza vipimo vya darubini ya Hubble vilivyofanywa na Roeland van der Marel na wenzake, kichwa cha taarifa kilisema kwamba galaksi yetu imeshaandikiwa kugongana uso kwa uso na jirani yake. Vipimo vyenyewe vilikuwa kazi ya kuheshimiwa, lakini kichwa kile kilizidisha. Aliyekisoma wakati ule akaamini ana haki ya kulalamika leo. Haki yake inaishia hapo, maana toka kulalamikia kichwa cha habari hadi kusema watu walidanganya ni mbali sana.

Tangu 1912 tunajua Andromeda inatujia. Mwanaastronomia Vesto Slipher, akiwa Flagstaff huko Arizona, Marekani, aliupasua mwanga wake katika rangi zake akaona inakaribia kwa kilomita kama 300 kila sekunde. Sehemu kubwa ya kasi hiyo ni yetu wenyewe, kwa kuwa Jua linaizunguka galaksi yetu kwa kasi kubwa. Ukiitoa, galaksi hizi mbili zinakaribiana kwa kilomita kama 110 kwa sekunde. Hilo halijabadilika. Kilichokuwa kigumu siku zote ni mwendo wa ubavuni. Kitu kinachokuja moja kwa moja kukupiga na kitu kitakachokupita pembeni vinaonekana karibu sawa vikiwa umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), na kutofautisha kunahitaji kupima mhamo mdogo mno wa nyota za Andromeda kwa miaka mingi. Tofauti kidogo ya mwendo huo ndiyo inayoamua kila kitu. Zikipitana karibu, maada nyeusi iliyozizunguka, ile isiyoonekana bali hujulikana kwa mvuto wake tu, itazikokota hadi ziungane. Zikipitana mbali, kila moja itaendelea na safari yake.

Sasa nije kwenye hiyo "haituhusu".

Kilichoibadilisha hesabu ni nini hasa? Watafiti waliingiza galaksi mbili zaidi. Ya kwanza ni M33, Galaksi ya Pembetatu, jirani wa Andromeda, nayo inauongeza uwezekano wa mgongano. Ya pili inaupunguza, na hiyo ya pili ni Wingu Kubwa la Magellan.

Ndugu zangu, mnaliona Wingu Kubwa la Magellan kutoka nyumbani! Kuanzia Desemba hadi Machi, mahali penye giza la kweli, geukeni kusini. Kutoka Dar es Salaam linapanda hadi nyuzi kama 28 juu ya upeo, Mtwara zaidi ya hapo. Ni galaksi nzima, yenye nyota bilioni nyingi, umbali wa miaka ya nuru kama 160,000, na inaonekana kwa macho matupu. Mwenzake, Wingu Dogo, yuko upande uleule. Sawala na wenzake walifanya hesabu wakiwa Helsinki, mji ambao Wingu Kubwa halichomozi hata usiku mmoja wa mwaka. London halichomozi. New York halichomozi. Kilwa lipo juu ya bahari.

Marehemu mjomba wangu alikuwa mvuvi wa Kilwa Masoko, na alivifahamu vipande hivyo viwili vya mawingu kabla sijajua neno galaksi. Nilipomuuliza, alinijibu, "Hayo hayana mvua, mpwa wangu. Kaskazi ivume, kusi ivume, yanakwenda na nyota zake tu." Hakuwa na jina lake wala hakuhitaji. Alikuwa ameangalia vya kutosha kujua kwamba wingu lisilosukumwa na upepo halimo katika hewa yetu. Namkumbuka kila mtu anaponiambia anga ni mambo ya wazungu.

Zamani Wingu Kubwa lilihesabiwa kuwa kitu chepesi kinachoifuata galaksi yetu bila madhara. Katika miaka ya karibuni imebainika kwamba ukijumlisha maada nyeusi yake, uzito wake unafika sehemu ya kumi hadi ya tano ya uzito wa Njia Nyeupe nzima. Kitu kizito hivyo hakizunguki tu, nacho kinavuta. Mwaka 2021 watafiti wa Edinburgh, Petersen na Peñarrubia, walionyesha kwamba diski ya galaksi yetu, pamoja na Jua, Dunia, mimi na wewe, inasogea kwa kilomita kama 32 kwa sekunde ukilinganisha na nyota za mbali kabisa za pembezoni, na inasogea kuelekea njia lilikopita Wingu Kubwa. Tunaburutwa. Na kwa kuwa njia ya Wingu hilo inakaribia kuukata kwa pembe mraba mstari wa kwetu na Andromeda, mvuto wake unatuongezea mwendo wa ubavuni, uleule mwendo unaoamua kama tutagongana au tutapishana. Ukiisahau galaksi hii, jibu linakuwa jingine.

Kwa hiyo anayesema wanasayansi wamebadilika, ndiyo, wamebadilika, kwa sababu walimpima jirani ambaye walikuwa hawajampima ipasavyo. Wangefanya nini kingine? Wangeujua uzito wake halafu waufiche ili kichwa cha habari cha 2012 kisiaibike? Huo ndio ungekuwa uongo.

Na si mara ya kwanza Mawingu haya kutupa ufunguo. Mapema karne ya 20 Henrietta Leavitt, mwanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichambua picha zilizopigwa kwenye kituo cha chuo hicho huko Arequipa, Peru, kwa sababu kutoka Marekani yenyewe Mawingu hayaonekani. Mwaka 1908 aliorodhesha nyota 1,777 zinazobadilika mwangaza ndani ya Mawingu yote mawili. Mwaka 1912, kwa nyota 25 za Wingu Dogo, alionyesha kwamba zinazong'aa zaidi huchukua muda mrefu zaidi kufifia na kung'aa tena. Ukilipima pigo la nyota unaujua mwangaza wake halisi, na ukiujua huo unaujua umbali wake. Oktoba 1923 Edwin Hubble aliipata nyota ya aina hiyo ndani ya Andromeda. Hesabu yake ilitoa umbali wa karibu miaka ya nuru milioni moja, pungufu kuliko tunavyojua leo, lakini ilitosha kumaliza ubishi: Andromeda iko nje kabisa ya galaksi yetu. Kabla ya hapo watu wenye akili nyingi walibishana hadharani, kama wanaastronomia Shapley na Curtis mwaka 1920, kama kuna galaksi nyingine yoyote mbali na yetu. Kipimo kilichojibu swali hilo kilitoka kwenye Wingu Dogo. Kituo chenyewe cha Harvard kilihamishwa mwaka 1927, kikaletwa Afrika, Bloemfontein, kwa ajili ya anga hili hili la kusini.

Februari 1987 nyota ililipuka ndani ya Wingu Kubwa, na kwa miezi kadhaa ilionekana bila darubini. Mlipuko wa aina hiyo ulikuwa haujaonekana kwa macho matupu tangu 1604. Wazee wetu waliokuwa wanatembea usiku mwaka ule walikuwa chini yake.

Sasa huo moto wa kwenye klipu. Hata kama Andromeda itakuja, nyota hazitapondana. Weka Jua liwe chungwa mezani Dar es Salaam, na nyota ya karibu zaidi itakuwa chungwa jingine kilomita kama 2,300 kutoka hapo, unakaribia Johannesburg. Pitisha galaksi ndani ya galaksi kwa nafasi hizo, na nyota karibu zote zitapita bila kuguswa. Kinachogongana ni gesi, na gesi ikibanwa huzaa nyota mpya kwa wingi. Mikono mizuri ya galaksi huvurugika, mashimo meusi ya katikati huvutana mwishoni, la kwetu likiwa na uzito wa Jua mara milioni 4. Anayetafuta cha kuogopa aangalie Jua lenyewe, ambalo linazidi kung'aa polepole na katika miaka bilioni moja hivi litakuwa limeifanya Dunia iwe joto mno kwa uhai, Andromeda ikiwa bado safarini.

Tena klipu inavyozungumzia mgongano ni kama jambo la kigeni litakalokuja siku moja. Galaksi yetu imejengwa kwa migongano! Mwaka 1994 iligunduliwa galaksi ndogo ya Mshale, upande wa pili wa kitovu chetu, ambayo Njia Nyeupe inairarua hadi sasa, nyota zake zikiwa zimetandazwa mbinguni kama utepe mrefu. Mwaka 2018 Amina Helmi na wenzake walitumia vipimo vya Gaia, chombo cha angani kinachopima mahali na mwendo wa nyota, kuonyesha kwamba miaka kama bilioni 10 iliyopita tulimeza galaksi nyingine nzima, na nyota zake bado zinapita kati yetu kwa mwendo wake wa ugenini. Hata Wingu Kubwa lenyewe linatarajiwa kumezwa katika miaka kama bilioni 2. Huo ndio mgongano unaokaribia kuwa wa hakika, na hakuna aliyeutengenezea video.

Najua atakayeniuliza faida yake ni nini wakati umeme unakatika na ada haijalipwa. Ni swali halali, na silijibu kwa kumwahidi mtu ajira. Mtoto wa Lindi anastahili kujua kilicho juu ya kichwa chake sawa na mtoto wa Helsinki, hata kama umeme umekatika, na tena usiku huo ndio anaona vizuri zaidi. Mimi nilipokuwa sekondari, astronomia ilikaa mwishomwisho wa fizikia ya kidato cha nne, ikasomwa haraka mtihani ukiwa mlangoni, na hakuna aliyetutoa nje. Tulikariri sayari. Shule ilikuwa ya bweni na uwanja wake ulikuwa giza totoro. Hili bado linanikera.

Afrika Kusini hawakungoja. MeerKAT, darubini yao ya redio yenye antena 64 katika jangwa la Karoo, imetoa picha za redio za kitovu cha galaksi yetu ambazo dunia nzima inazisoma. Kitovu hicho kutoka Tanzania na Kenya kinapita juu sana, jioni za Juni hadi Agosti, upande wa makundi ya nyota ya Nge na Mshale. Wenzetu wa Ulaya wanakitafuta kwenye ukungu wa upeo wa macho.

Kwa hiyo nimemjibu yule ninayemheshimu, na nawajibu wengine hapa. Desemba, kwenye saa nne usiku, tafuteni mahali mbali na taa, mwezi usiwepo. Kaskazini-magharibi, kama theluthi ya njia kuelekea utosini, kuna kimwanga kirefu hafifu: hiyo ni Andromeda, ambayo al-Sufi, mwanaastronomia wa Uajemi, aliiandika kuwa wingu dogo mwaka 964. Geukeni kusini, Mawingu mawili ya Magellan yapo. Galaksi tatu za nje kwa usiku mmoja, bila kifaa chochote, pamoja na hii tuliyomo. Ukishaziona, nitumie tena ile klipu kama bado unaona ina maana.

Na hesabu haijafungwa. Gaia ilimaliza kupima Januari 2025, na sehemu kubwa inayofuata ya data yake imepangwa kutolewa Desemba 2026. Mwendo wa ubavuni wa Andromeda ukipimwa vizuri zaidi, ile nusu inaweza kupanda au kushuka. Ikibadilika nitaandika hapa namba mpya na kilichoibadilisha, na sitamwita mtu yeyote mwongo.