Saa ya Praha inahesabu kama bibi yangu

Mara ngapi umeambiwa kwamba sisi Waswahili tunasoma saa kinyume? Mimi nimelisikia hilo tangu shule ya msingi, tulipofundishwa kutoa sita au kuongeza sita ili tuipate saa "sahihi". Nililibeba neno hilo miaka yote, mpaka Machi nilipofika Praha, Ucheki, nikasimama chini ya mnara wa ukumbi wa zamani wa mji.

Mnara una kimo cha mita karibu 70, ila kinachovuta watu ni saa iliyo ubavuni mwake. Ilitengenezwa mwaka 1410 na fundi Mikuláš wa Kadaň pamoja na mwanafalaki Jan Šindel, na mpaka leo inatembea. Saa ikitimia, sanamu ya mifupa inavuta kamba ya kengele, vidirisha viwili vinafunguka, mitume 12 wanapita. Watu wanainua simu, wanarekodi, wanaondoka. Nakusihi, usiondoke nao.

Baki uutazame uso wa saa. Tarakimu za Kirumi ni za saa hizi za dunia nzima. Pete ya nje, yenye tarakimu za kale 1 hadi 24, ni ya Wacheki wa zamani, ambao siku yao ilianza jua likizama. Bibi yangu naye ni hivyo hivyo: jua la Alhamisi likitua, kwake Ijumaa imeshaingia.

Halafu kuna mistari ya dhahabu iliyopinda, yenye namba 1 mpaka 12. Hapo ndipo nilipoduwaa. Inagawa mchana mafungu 12, tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Saa moja inahesabiwa kutoka macheo. Saa sita ni adhuhuri. Ni hesabu yetu ile ile, imechorwa kwa dhahabu katikati ya Ulaya! Tofauti ni majira. Kule mchana wa Juni unapita saa 16, wa Desemba ni kama saa 8 tu, hivyo fungu moja linarefuka hadi dakika 80 na zaidi wakati wa kiangazi, kisha linafupika hadi 40 wakati wa baridi. Kwetu, karibu na ikweta, mchana haubadiliki sana, na saa moja ya asubuhi inabaki saa moja mwaka mzima. Kama kuna mahali hesabu hii imepata kwao hasa, ni huku kwetu.

Kwa hiyo neno "kinyume" silikubali tena. Tunahesabu kutoka kwenye jua, kama walivyohesabu watu wengi kabla yetu. Na inaniuma kwamba simu yangu, ingawa nimeiweka Kiswahili, inaandika 15:00 na hainipi pa kuchagua saa tisa.

Siku ile mchana na usiku vilikuwa vinakaribia kulingana. Kengele ililia, mkono ukiwa kwenye III ya Kirumi, na kijua cha dhahabu kilicho kwenye mkono huo kikiwa kando kabisa ya mstari wa 9. Mama akapiga simu. Nyumbani ilikuwa saa kumi na moja jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko saa ngapi?"

Nikainua macho, nikamsomea kama ilivyoandikwa: "Saa tisa, mama."