Ukoo wa Thomson wa Dundee: Subira ya Mwenye Mali na Bei Yake

Hadi mwaka 1992, aliyenunua gazeti la The Courier mjini Dundee, Scotland, hakukuta habari kwenye ukurasa wa kwanza. Alikuta matangazo. Magazeti makubwa ya Uingereza yalikwishaachana na mtindo huo zamani. Hata The Times la London, lenye sifa ya kuogopa mabadiliko, liliuacha mwaka 1966. The Courier likaendelea nao kwa robo karne nyingine. Hapakuwa na mwanahisa wa kulalamika wala mchambuzi wa masoko wa kuuliza kulikoni, kwa sababu kampuni inayolimiliki, DC Thomson, ni mali ya ukoo mmoja na haimo kwenye soko la hisa.

Mtetezi wa umiliki wa kifamilia atasema hiyo ndiyo faida yenyewe: mwenye mali anayewajua wasomaji wake halazimiki kukimbizana na wenzake. Mpinzani atajibu kwamba hiyo ndiyo hasara: mwenye mali akipitwa na wakati, hakuna wa kumwambia. Kila mmoja wao ana ushahidi wa kutosha hapohapo Dundee. Ninavyoona mimi, ukoo wa Thomson ulijipatia uwezo mmoja adimu katika biashara ya habari, uwezo wa kutokuwa na haraka, na uwezo huo haukuwahi kugawanywa kwa haki kati ya wenye mali na waliowafanyia kazi.

Mali ilianzia baharini. William Thomson alikuwa mwenye meli, na mwaka 1886 alitia fedha zake kwenye The Courier. Kazi ya magazeti ikamwangukia mwanawe, David Couper Thomson (1861–1954), na mwaka 1905 kampuni ikaundwa kwa jina lake. Dundee ya siku hizo ilisifika kwa vitu vitatu: juti (nyuzi za kufumia magunia) iliyoletwa kutoka Bengal, jemu, na magazeti. Viwanda vya juti vimefungwa, jemu imehama, magazeti yapo.

Muda mfupi baada ya 1905 Thomson akaikamata pia kampuni ya John Leng, mshindani wake mkubwa, iliyochapisha Dundee Advertiser. Hapo mji ukawa na magazeti mawili ya asubuhi, moja la Kihafidhina na jingine la Kiliberali, na bwana wao mmoja. Aliyeumia zaidi ni Winston Churchill, mbunge wa Dundee tangu 1908. Katika kampeni ya 1922 alilalamika hadharani kwamba Bwana Thomson Mliberali huamka asubuhi akawaonya Waliberali wasimpigie Churchill kura, na wakati uleule, kutoka ofisi ileile, Bwana Thomson Mhafidhina huwapa Wahafidhina onyo hilohilo. Uchaguzi ulipofanyika Churchill alishika nafasi ya nne. Kiti kikaenda kwa Edwin Scrymgeour, mtu wa kupiga vita pombe, mgombea pekee wa msimamo huo kuwahi kuingia Bunge la Uingereza.

Sidhani kwamba Thomson peke yake ndiye aliyemwangusha Churchill. Dundee ilikuwa na umaskini mkubwa viwandani na wapiga kura wengi wenye asili ya Ireland waliokuwa na kinyongo chao na serikali, na hao hawakuhitaji mhariri wa kuwaelekeza. Lakini malalamiko yenyewe yalikuwa ya kweli. Msomaji aliyedhani anapima hoja za pande mbili alikuwa anamsikiliza mtu mmoja aliyebadilisha sauti. Miaka minne baadaye hata sauti hizo mbili zilifanywa moja: mwaka 1926 Courier na Advertiser yaliunganishwa.

Mwaka huohuo ulikuwa wa mgomo mkuu wa wafanyakazi nchini Uingereza, na hapa ndipo pana sura ngumu kuliko zote katika historia ya kampuni hii. Mgomo ulipokwisha, Thomson aliamua kwamba nyumba yake haitakuwa na chama cha wafanyakazi. Aliyetaka kazi alitia saini kuahidi kutojiunga. Amri hiyo haikuwa hasira ya wiki mbili. Ilidumu kwa miongo. Mwaka 1952 mfanyakazi aliyejiunga na chama cha wachapaji, NATSOPA, alifukuzwa, na vyama vingine vikaamua kuisusia kampuni. Madereva na wapakiaji wa Bowaters, waliokuwa wakiiuzia Thomson karatasi, wakaonyesha kwamba hawako tayari kupeleka mzigo Dundee. Kampuni ikaenda mahakamani kuomba zuio dhidi ya viongozi wa vyama, wa mbele wao Arthur Deakin wa chama cha wafanyakazi wa uchukuzi. Mahakama ya Rufani ikakataa. Hukumu hiyo, D.C. Thomson dhidi ya Deakin, bado inasomwa na wanafunzi wa sheria katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, kwa kuwa ilifafanua ni lini mtu anahesabika kuwa amemshawishi mwingine avunje mkataba.

Watetezi wa ukoo huu husema, na wana hoja, kwamba Thomson hakuwa mwajiri wa kufukuza watu ovyo. Wengi waliingia wakiwa vijana wakatoka wazee, na Dundee haikuwa na waajiri wengi wa aina hiyo wakati juti ilipokuwa inakufa. Ni ulezi wa baba na wanawe: baba anakulisha, hakuachi, lakini meza ya chakula si mahali pa kumuuliza anapata kiasi gani.

Wachoraji wa vibonzo waliujua ulezi huo vizuri kuliko wengine. DC Thomson ndiyo iliyowapa watoto wa Uingereza The Dandy, Desemba 1937, na The Beano, Julai 1938, majarida yaliyofika karibu nakala milioni 2 kwa wiki miaka ya 1950. Mwaka 1936 kampuni ilikwishaanza kuchapisha katika The Sunday Post, gazeti lake la Jumapili, hadithi za Oor Wullie na The Broons, kwa lahaja ya Kiskoti, kwa mkono wa Dudley D. Watkins. Kwa kawaida mchoraji hakuruhusiwa kutia sahihi kwenye kazi yake. Watkins alikuwa miongoni mwa wachache mno walioachiwa. Mwaka 1969 alikutwa amefariki kwenye meza yake ya kuchorea.

Leo Baxendale, mchoraji wa The Beano aliyewabuni Minnie the Minx na watoto wa Bash Street, aliondoka mwaka 1962 akiwa amechoka. Wahusika aliowabuni walibaki mali ya kampuni, wakachorwa na wengine na kuuzwa kwa miongo iliyofuata. Miaka ya 1980 aliishtaki kampuni akidai haki zake, na baada ya miaka saba ya kesi pande hizo mbili zilimalizana nje ya mahakama mwaka 1987. Hapa subira ya ukoo inaonyesha upande wake mwingine. Kampuni isiyo na haraka inaweza kungoja hadi anayedai achoke, na Baxendale alikuwa mmoja wa wachache waliokuwa na ukaidi wa kutosha kufika mwisho.

Hata hivyo, nisingependa msomaji aone kwamba kesi imekwisha. Subira hiyohiyo ndiyo iliyoyafanya magazeti haya kuwa sehemu ya maisha ya Scotland kwa namna ambayo ni vigumu kuikuta kwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 The Sunday Post lilikadiriwa kusomwa na zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi wenye umri wa miaka 16 na kuendelea nchini humo. Gazeti lile halikuwa la kufichua kashfa wala la kutikisa serikali. Lilikuwa la nyumbani, la kihafidhina, mara nyingine la kuchosha, na watu walilipenda. The Dandy liliendelea kuchapishwa hadi mauzo yalipoporomoka chini ya nakala 8,000, ndipo toleo la karatasi likaachwa Desemba 2012, siku lilipotimiza miaka 75. Naamini kampuni ya wanahisa wa London ingelizima mapema zaidi.

Ushahidi mzuri kuliko yote kwa upande wa ukoo, hata hivyo, hauko Dundee. Uko kwa jirani. Johnston Press nayo ilianza kama kampuni ya familia ya Scotland, huko Falkirk. Mwaka 1988 iliingia kwenye soko la hisa la London, na kuanzia hapo ikawa inanunua magazeti ya mikoani mfululizo: mwaka 2002 ilitoa pauni milioni 560 kununua Regional Independent Media, na mwishoni mwa 2005 pauni milioni 160 kuichukua The Scotsman ya Edinburgh. Kila ununuzi uliwafurahisha waliotaka faida ikue mwaka hadi mwaka. Kisha matangazo yakahamia intaneti, mapato yakaanguka, madeni yakabaki palepale. Novemba 2018 kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi ikiwa na deni la pauni milioni 220, na wanahisa wakapoteza kila kitu.

Thomson haikuwa na kinga dhidi ya ulafi wa zama hizo. Mwaka 2006 nayo ilitoa pauni milioni 132 kwa kampuni ya Daily Mail, ukoo mwingine wenye magazeti, ili kuchukua The Press and Journal na Evening Express za Aberdeen. Mwaka 2009 kampuni yake tanzu, Brightsolid, ililipa pauni milioni 25 kwa Friends Reunited, mtandao wa kutafutana kwa waliosoma pamoja, wakati Facebook ilikuwa imekwisha kuwachukua wateja. Mtandao huo ulifungwa mwaka 2016. Tofauti ni kwamba makosa haya hayakuiua kampuni. Kuna mali nyingine zilizokuwa zikiibeba: uwekezaji wa muda mrefu nje ya magazeti, ambao zamani ulijumuisha robo ya hisa za Southern Television, pamoja na majarida ya wanawake kama The People's Friend, lililoanza 1869 na bado lina wasomaji waaminifu.

Tena, ndani ya kosa la Friends Reunited mlikuwa na wazo zuri. Pamoja nao ulikuja Genes Reunited, mtandao wa kutafuta mizizi ya ukoo, uliolingana na Findmypast ambayo Thomson inaimiliki. Findmypast ndiyo iliyoweka mtandaoni sensa ya mwaka 1921 ya England na Wales, iliyofunguliwa kwa umma Januari 2022, na kampuni hiyohiyo inashirikiana na Maktaba ya Uingereza katika hifadhi ya kidijitali ya magazeti ya kale, iliyozinduliwa Novemba 2011. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi wa busara kuliko yote waliyoyafanya Dundee katika karne hii. Walijua kwamba gazeti la jana, ambalo biashara ya habari huliona takataka, lina mnunuzi iwapo ataweza kulitafuta jina la bibi yake humo. Faida ya kazi ya aina hiyo huja polepole, na wenye mali waliokwishazoea kungoja wanaiweza.

Kisha ukaja mwaka 2023. Februari kampuni ilitangaza kupunguza nafasi za kazi zipatazo 300 na kufunga majarida yapatayo 40. Sababu zilizotolewa ni zile za kila mchapishaji wa Uingereza: karatasi imepanda, umeme umepanda, matangazo yamepungua. Sina sababu ya kuzikataa. Ila hapo ndipo mkataba wa zamani, ule wa baba anayelisha, ulipoonekana kuwa haukuwahi kuandikwa popote. Ukoo uliokuwa na subira ya miaka 75 kwa jarida la vibonzo haukuwa na subira hiyo kwa watu, na walioondoka hawakuwa na kiti kwenye meza ambako hesabu zilipigwa. Kampuni ya soko la hisa nayo ingewapunguza, pengine kwa ukali zaidi. Lakini ingelazimika kujieleza mara mbili kwa mwaka mbele ya watu wanaoweza kuuza hisa zao na kuondoka.

Wapo wanaosema dawa ni ukoo kujivua mali. Mfano wao ni akina Scott wa Manchester, ambao mwaka 1936 waliikabidhi The Guardian kwa wakfu ili isiuzwe wala kurithiwa. Ni mfano wa kuheshimika, na ningefurahi kuona koo nyingine zikiuiga, ila nao haujakamilika. Desemba 2024 wakfu huo uliamua kuiuza The Observer, gazeti la Jumapili lililoanza 1791, kwa kampuni changa ya Tortoise, na waandishi wakagoma mara mbili kupinga. Mauzo yalipita, wakfu ulibakiza asilimia 9 ya hisa kwa mnunuzi. Waliogoma hawakuyazuia. Hata hivyo walikuwa na chama kinachotambuliwa na mwajiri wao, wakasimama nje ya ofisi na mabango, na uongozi ukalazimika kuwajibu hadharani. Kwa Thomson, kwa miongo mingi baada ya 1926, aliyethubutu kusimama hivyo alikuwa amekwisha kupoteza kazi kabla ya kufika nje.