Zamu ya Denmark Ulaya, na zamu zetu za Arusha

Mimi ni mtu wa Arusha naishi Denmark, nimekua naona misafara ya marais na barabara kufungwa kila wakija kwenye kikao cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo Denmark walivyopata zamu ya kuongoza Baraza la Umoja wa Ulaya, Julai mpaka Desemba 2025, nilifuatilia mwanzo mwisho nione wenzetu wanafanyaje.

Barabara na huku zinafungwa, tusidanganyane. Wakuu wa nchi walivyokutana Copenhagen mwanzoni mwa Oktoba polisi walijaa kila kona, na kwa vile Septemba kuna droni zilisimamisha ndege pale uwanjani, wiki hiyo raia walikatazwa kurusha droni nchi nzima.

Ila kilichonigusa ni kwamba huku zamu ni ya nchi, sio ya mtu. Wakuu wa nchi wana mwenyekiti wao wa kudumu, António Costa, Denmark kazi yao ilikuwa vikao vya mawaziri, waziri wa kilimo anaongoza wenzake wa kilimo, wa mazingira hivyo hivyo, na programu nzima waliitoa hadharani kabla hata Julai haijafika, usalama, uchumi, mazingira, yeyote anasoma na miezi sita ikiisha anawauliza mmefanya nini. Halafu waziri wa hapa haendi tu Brussels kusema anachojisikia, kwenye jambo zito anapita kwanza kamati ya bunge ya mambo ya Ulaya, mara nyingi Ijumaa, anaeleza msimamo wake, wabunge wengi wakiupinga basi hana ruhusa ya kwenda nao. Aisee hiyo kamati naionea wivu sana.

Sasa kwetu. Kiti cha uenyekiti wa Jumuiya, Ndayishimiye wa Burundi alimpa Kiir wa Sudan Kusini Novemba 2023, Kiir akampa Ruto wa Kenya Novemba 2024, makabidhiano yote Arusha, picha tukaziona. Nenda pale soko la Kilombero uliza mama yeyote mwenyekiti wa mwaka ule alipanga kufanya nini, nani alishawahi kumwambia?

Na simuonei Ruto, kiti chenyewe hakina nguvu. Januari 2025 Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, unaanguka mikononi mwa waasi, akaitisha kikao cha dharura kwa mtandao, Tshisekedi, rais wa Kongo, hakutokea, mwezi uliofuata ikabidi wakae pamoja na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, pale Dar. Uamuzi wa marais wetu lazima wote wakubali, huku Ulaya mambo mengi mawaziri wanapiga kura, zikifika nchi asilimia 55 zenye watu asilimia 65 imepita hata kama kuna mwenye kununa.

Mfano wa nyumbani kabisa, Julai 2025 hiyo hiyo Denmark wanaanza zamu yao, serikali yetu Tanzania ikatoa amri kukataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, saluni, miamala ya simu, kuongoza watalii, na Wakenya na Waganda wamo humo humo wakati itifaki ya soko la pamoja tunayo tangu 2010. Mimi nafanya kazi kwenye nchi ya watu, inaniuma kuona jirani yangu wa Namanga anafungiwa saluni. Hilo lilitakiwa lijadiliwe Dodoma kabla, waziri abanwe maswali na wabunge mbele ya kamera.

Kwa hiyo wabunge wetu, zamu ya Tanzania ikija naomba mtudaie programu iliyoandikwa, kwa Kiswahili, kabla rais hajakabidhiwa kiti, na waziri wa Afrika Mashariki aje kwenu kila anapotaka kwenda kikaoni, sio akisharudi.