Bija moja inatosha

Siku hizi ukitafuta mantra, yale maneno matakatifu ya Kihindu yanayorudiwarudiwa, mtandaoni unaletewa orodha kama ya duka la dawa: Shrim ya pesa, Aim ya mitihani, Klim ya mapenzi, Ram ya tumbo. Mimi husoma bija, yaani sauti fupi iliyo mbegu ya mantra, kila alfajiri kabla ya chai, na orodha hizo zinanikera.

Si kwamba zimetungwa hewani. Shrim kweli ni bija ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri. Aim ni ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu; Gam ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo; Krim ya Kali, mungu wa kike wa kutisha. Kinachoniudhi ni kumtoa mungu mwenyewe na kubakiza sauti na faida yake. Katika ibada za Kitantra, njia ya Kihindu inayotumia mantra na taswira za moyoni, bija huwa na mahali pake. Chukua bhutashuddhi, utakaso unaofanywa kabla ya puja, yaani ibada ya kumtolea mungu sadaka. Mwenye kuabudu anauwaza mwili wake wa dhambi ukikaushwa na upepo wa bija Yam, kisha ukiteketezwa na moto wa Ram hadi ubaki majivu. Vam inamimina maji ya uhai juu ya majivu hayo, na Lam, bija ya ardhi, inaushikamanisha mwili mpya. Ram hapo ni moto unaokuunguza wewe mzima mzima. Hebu nielezeni umegeukaje dawa ya kiungulia.

Mimi nimeshika moja tu: Om Gam Ganapataye Namah, yaani kumsujudia Ganesha, mzunguko mmoja wa mala, uzi wa shanga 108 za kuhesabia. Shanga inalala juu ya kidole cha kati na kuvutwa kwa gumba. Kidole cha shahada hakigusi kitu. Ukifika kwenye meru, ile shanga kubwa, huivuki, unaigeuza mala na kurudi ulikotoka. Aliyezoea tasbihi au rozari mkono wake utajifunza upesi. Mdomo ndio una kazi, maana ulimi wetu wa Kiswahili haupendi neno liishie kwa konsonanti. Gam inakuwa "gamu", na Hrim, bija nyingine, maskini, inakuwa "hirimu". Ikumbuke m ya "mtu", ile inayosimama bila irabu: funga midomo, iache ivume puani mpaka pumzi ipungue.

Mantra husomwa kwa sauti, kwa kunong'ona au moyoni, na mapokeo yanasema ya moyoni ndiyo bora. Yangu ya moyoni huishia kwenye kodi ya nyumba, kwa hiyo nanong'ona.

Wapo watakaosema hata mimi nimevuka mpaka, kwamba bija hupokelewa kwa diksha, ibada ya kuingizwa, kutoka kwa guru, mwalimu wa kiroho, haiokotwi. Hoja yao ina uzito, na ndiyo maana sichezei Krim wala Hum. Lakini mantra hii ya Ganesha huimbwa hadharani mahekaluni, hata watoto wanaijua, na sioni ubaya mtu asiye na guru kuanzia hapo na kukaa hapo miaka, badala ya kuruka kwenda Shrim kila mwisho wa mwezi mshahara unapochelewa. Hizo nyingine, anayekugawia kwenye video ya dakika tatu muulize kwanza yeye alizipokea kwa nani.