Inapanda, Kapteni!

Afisa wetu wa pili alikomaa kikazi kwenye Atlantiki ya kaskazini, na huko barometa, kipimo cha kanieneo ya hewa, si pambo la ukutani. Ikishuka hektopaskali tatu ndani ya zamu moja, watu hufunga milango na kukumbuka dua. Basi alipohamishiwa meli yetu, iliyokuwa ikikata Bahari ya Hindi nyuzi mbili kusini mwa Ikweta, msimu wa tanga mbili, kati ya kaskazi na kusi, maji shwari hata samaki wanaona haya kuruka, alianza kazi kwa kuigonga barometa kwa kidole. Ikashuka.

Zamu yake ilikuwa ya saa sita hadi saa kumi, mchana na usiku. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wake: kazi yangu kutazama mbele na kunyamaza. Mchana ule aliandika 1011 alipoingia na 1009 alipotoka. Usiku wa manane ikashuka tena. Kesho yake mchana, vilevile. Kwa hesabu zake, kimbunga kilikuwa kimeshatupakata. Kwamba kila akirudi zamu aliikuta barometa imepanda upya, hilo halikumtuliza hata kidogo. Alisadiki kwamba chifu, yaani afisa wa kwanza, anaichezea.

Chifu naye alishika zamu ya saa kumi hadi saa mbili, na kwake barometa haikujua kushuka. Asubuhi inapanda, jioni inapanda. Mtu yule alikuwa na furaha ya kuudhi. Afisa wa tatu, wa saa mbili hadi saa sita, aliiona ikipanda mpaka saa nne kisha ikigeuka kurudi chini, akaamua kwamba wakubwa wake wote wawili wanahitaji likizo.

Kwenye meza ya chakula ugomvi ulikuwa haukwepeki.

"Taarifa ya hali ya bahari imekuja kwa setilaiti," chifu alisema. "Upepo hafifu wa kubadilikabadilika, mawimbi chini ya mita moja na nusu, mvua za radi hapa na pale. Onyo la kimbunga, hakuna."

"Walioandika wako nchi kavu," alijibu afisa wa pili. "Wana miguu mikavu."

Serehangi, mkuu wa mabaharia, mzee ambaye ndevu zake zimekula chumvi kuliko sisi sote, akajaribu kwa adabu. "Mkubwa, kimbunga hakipendi kuzaliwa ndani ya nyuzi tano za Ikweta. Mzunguko wa Dunia huku hauna nguvu ya kukizungusha."

"Kimbunga Vamei!" Afisa wa pili akapiga meza. "Desemba 2001! Karibu na Singapore! Nyuzi moja na nusu tu kaskazini mwa Ikweta!"

"Hicho ni kimoja, mkubwa."

"Kwani unataka kuzama mara ngapi?"

Hapo serehangi alikosa la kusema, nami namwelewa. Kubishana na mtu asiyejua kitu ni rahisi. Mtihani ni huyu anayejua kitu kimoja.

Nahodha wakati huo alikuwa kitandani na jino lake, shavu limefura, akitoa amri kwa mkono. Mkono ulipepea namna ambayo afisa wa pili aliitafsiri kuwa ruhusa. Tukafunga kila kitu: makontena, ngazi, viti, mapipa, hata ndoo ya kudekia ikapigwa mafundo matatu. Matundu ya hewa yakazibwa. Tulilala usiku ule ndani ya joto ambalo sitalisimulia, maana wengine mnasoma mkiwa mnakula. Magodoro yalilowa jasho kiasi cha kukamulika. Bahari nje haikutikisika.

Alfajiri chifu akaingia zamu, akakuta barometa inapanda, akatangaza ushindi. Fungueni kila kitu! Magodoro yote sitahani yapigwe jua! Nguo za nahodha zianikwe! Na afisa wa pili, kwa amri ya mkono uleule, akapigwa marufuku kutamka neno barometa.

Saa saba mchana nikaliona wingu. Lilikuwa jeusi, limesimama wima, chini yake pazia jeupe la mvua. Kwenye rada lilionekana mfano wa kisiwa ambacho ramani haikijui.

"Mkubwa, kuna wingu, mbele kushoto."

Akajibu bila kugeuka: "Nimekatazwa kusema."

"Linakuja, mkubwa."

"Inashuka," akanong'ona, macho kwenye barometa. "Ila mimi sikusema."

Hewa baridi iliyodondoka kutoka tumboni mwa lile wingu ilitufikia kabla ya mvua. Mwendo wa upepo ulitoka noti 5 hadi 40 nikiwa bado nimenyoosha kidole. Na hewa hiyo, kwa kuwa baridi ni nzito, ina tabia ya kuirusha barometa juu kidogo inapowasili. Basi magodoro yakiwa yanapaa, serehangi amekumbatia mawili na la tatu linamkumbatia yeye, suruali nyeupe za nahodha zimeshika njia ya Australia, afisa wa pili alifungua mlango na kupiga kelele kwa furaha ya kweli:

"Inapanda! Kapteni, inapanda!"

Nahodha alitoka amevaa taulo, maana kingine hakikuwepo. Dakika ishirini baadaye jua likawaka kana kwamba halikuhusika. Akaagiza kitabu cha kumbukumbu za meli, akawapanga maafisa wake na kumtaka kila mmoja asome kwa sauti barometa ya mwisho wa zamu yake, kwa mpangilio wa saa. Ikasikika wazi: chini saa kumi alfajiri, juu asubuhi, chini saa kumi alasiri, juu usiku.

"Jua hupasha hewa ya juu," alisema kupitia shavu, "na hewa hupata wimbi lake, mara mbili kwa siku. Huku tropiki ndilo kubwa. Utoe hilo kwanza. Kikibaki kipungufu cha hektopaskali tatu chini ya kawaida ya msimu, fungua macho. Kikifika tano, niamshe. Mvua za radi hapa na pale maana yake ni hizi. Hapa, na pale!"

Afisa wa pili alitafakari sana, akakiri kwamba ameelewa vizuri. Kisha akaomba, kama inawezekana, apewe zamu ya chifu.