Kabla hamjamwamini yule jamaa: Linux haikufuta kikoba, nilikifuta mimi

Naona status ya yule jamaa, mteja wangu wa jana, imeshafika mpaka kwa mafundi wenzangu. "Linux imekula kikoba cha akina mama." Nimepigiwa simu tatu toka asubuhi, mbili ni za watu wa kunicheka, moja ni ya mama. Naomba nisahihishe mapema: Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, haikula kitu. Ilifanya nilichoiambia, herufi kwa herufi.

Mashine ya steshenari ya shangazi wengi mnaijua, ile ThinkPad T450. Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10, Oktoba 14, 2025, mimi ndiye niliyekuwa namsumbua ahamie Linux. Windows 11 haiitaki mashine ile: inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, ya shangazi ni kizazi cha 5. Ndiyo, najua Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kusakinishia, inaweza kuondoa hayo masharti na ikapiga vizuri tu. Lakini Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine iliyopitishwa dirishani, na mtu anayetunza CV na vitambulisho vya nusu ya mtaa anayahitaji masasisho. Linux Mint, moja ya matoleo ya Linux, ni bure, RAM ya GB 4 inaitosha, na printa yake ya Epson L3110 inatambulika.

"Bure?" shangazi akauliza. "Mwanangu, cha bure kimewahi kumfaa nani?"

Nikamwambia Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na ubuntu maana yake ni utu. Akacheka, akakubali. (Mstari huo huwa nautumia sana. Baada ya leo naustaafisha.)

Sikumficha mabaya yake. Publisher, programu ya Microsoft ya kutengenezea kadi, haipo kwenye Linux. LibreOffice Draw, programu ya bure, inazifungua faili zake za .pub, lakini maandishi ya kadi yanahamahama kama wapangaji. Za Word hazina taabu kubwa: pasipo na fonti ya Calibri inakaa Carlito, yenye herufi za upana uleule, kwa hiyo kurasa hazivunjiki.

Basi juzi nikafanya kazi kwa adabu. Nikachukua eksteno (diski ya nje) ya GB 500, nikaifomati upya kwa mpangilio wa exFAT ili Windows na Linux zote ziisome bila maneno. Nikahamishia kila kitu, nikianza na folda ya hesabu za kikoba kwa kuwa ndiyo ya muhimu kuliko zote. Shikeni hapo, nitarudi. Kisha kwenye laptopu yangu nikaandaa flashi ya Mint, nikamfutia shangazi diski nzima, nikapiga Mint. Dakika ishirini, mashine inawaka kama mpya. Shangazi akaniletea soda.

Kosa la kwanza ni kulala bila kurudisha mafaili. Usiku ule data zote za shangazi zilikuwa mahali pamoja tu duniani. Nakala ikibaki peke yake si nakala tena, ndiyo yenyewe. Nimelisema hili humu mara ngapi?

Jana asubuhi nipo steshenari, eksteno nimeichomeka kwenye laptopu yangu, namwonyesha shangazi jinsi Excel ya kikoba inavyofunguka. Hisa, mikopo, mfuko wa jamii, hata rangi zake za njano zipo. Nikaifunga. Nilitaka niirudishe kwenye mashine yake. Hapo ndipo akaingia yule jamaa, mkononi flashi ya GB 16.

"Kaka, na mimi nifanyie hiyo Mint."

Sasa twendeni polepole.

Etcher, programu ya kuandikia flashi, ipo kwenye mashine yangu. Ina picha na vitufe, inakuonyesha diski kwa jina na ukubwa. Lakini kulikuwa na wateja wawili wanasubiri fotokopi, na mtu kama mimi akiona wateja wawili anajiona yuko jukwaani. Nikafungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Nikabonyeza kishale cha juu, mara moja, mbili, tatu, amri ya juzi ikapanda yenyewe:

sudo dd if=mint.iso of=/dev/sdb bs=4M oflag=sync status=progress

Yaani: dd, nakili faili la Mint juu ya diski iitwayo sdb, ukifunika kilichokuwepo. Juzi sdb ilikuwa flashi, kwa sababu ilikuwa peke yake. Jana eksteno ndiyo iliyotangulia kuchomekwa, ikachukua sdb. Flashi ya jamaa ikawa sdc. Mfumo hugawa herufi kwa kufuata nani katangulia kuonekana. Ndiyo maana lsblk, amri ya kuorodhesha diski, inatangulia, dd inafuata. Humu kuna watu niliowafundisha mimi mwenyewe. Msiandike kitu.

Nikaweka nenosiri. Enter.

dd haiulizi "una uhakika?" Wala haijali kwamba diski iko wazi na inatumika. Namba zikaanza kukimbia: megabaiti 70 kwa sekunde. Flashi ya jamaa ni ile ya USB 2.0 ya kupewa kwenye semina, ikijitahidi sana inaandika 8. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikamgeukia jamaa, na haya ndiyo maneno yangu, kwa sauti ya kufika barabarani: "Unaona kasi? Windows haikupi hii!"

Mteja mmoja akatikisa kichwa kwa heshima.

Jamaa akainama, akatazama mezani. "Kaka, mbona yangu haiwaki taa?"

Nikatazama. Flashi yake kimya. Pembeni yake, taa ya eksteno inapepesa kama ukumbi wa harusi. Nikapiga Ctrl+C, lakini faili la GB 2.9 kwa kasi ile ni sekunde arobaini tu, na hotuba yangu ilishakula zote. Dirisha la folda bado lilikuwa wazi, majina yote yamepangwa, nikajipa moyo. Nikabofya "KIKOBA". Hitilafu. Nikabofya tena, taratibu, kama vile mara ya kwanza niliikosea adabu.

"Baba," shangazi akasema, "mbona umetoa jasho?"

Kilichofuata nakipitisha haraka. PhotoRec, programu ya kufufua mafaili, usiku kucha. Ingekuwa NTFS, mpangilio wa Windows, nakala ya sekta ya kuwashia hukaa mwisho wa patisheni, TestDisk, programu ya kurejesha patisheni, ingekuwa na pa kuanzia. exFAT huweka yake mwanzoni kabisa, nami nilishaulima mwanzo wote. Mafaili mengi yamerudi ila hayana majina: f7482816.docx, f7483072.docx, na kuendelea, kadi za harusi na ratiba za misiba zimechanganyika. Shangazi anazifungua moja moja, akipata ya harusi anapiga kigelegele kidogo cha kunisimanga.

Na kikoba? Diski iliyofomatiwa upya hujazwa kuanzia mwanzo. Mwanzoni nilitanguliza nini? Haya.

Leo saa nne akina mama wamekaa kikao kuijenga upya hesabu kwa kumbukumbu na daftari la katibu lililoishia Machi. Hisa zao wanazikumbuka mpaka shilingi mia. Mikopo hakuna aliyekopa.

Mashine ya shangazi inaendelea na Mint, haina neno. Jamaa kanitumia ujumbe sasa hivi, baada ya status zake zote hizo: "Kaka, na flashi yangu je?"

Iko hapa mezani. Haijaguswa hata baiti moja.