Niliacha kazi nikachekeshe, Kigoma hii hii

Mi naomba niulizwe leo yaishe, maana kila nikipita Mwanga sokoni naulizwa kwa zamu, muuza mawese kashauliza, fundi cherehani kashauliza, juzi bodaboda kasimamisha pikipiki kwenye kona na abiria yuko nyuma, "Braza, eti ni kweli uliacha kazi ya mshahara ukachekeshe?" Ndiyo. Ni kweli. Aprili 2024. Barua niliandika mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono.

Ila kama ni lawama basi tugawane na wale niliokuwa nafanya nao kazi. Miaka tisa nilikuwa karani wa malipo kwenye ofisi moja hapa mjini, siitaji. Vocha za posho zote zinapita kwangu, safari, semina, likizo, mpaka ile ya chai. Na katika hiyo miaka tisa sijawahi kufungua mdomo watu wasicheke. Naingia asubuhi nasema "leo jua kali", mhudumu anashika ukuta. Nasema "printa imegoma", dereva anatoka nje akacheke vizuri. Kuna mzee, mkuu wa kitengo, ana presha, daktari kamwambia asijichoshe, lakini nikitoa ile joki yangu ya posho anapiga meza mpaka miwani inadondoka. Joki yenyewe ilikuwa hivi: "Posho ni kama dagaa, usipoianua mapema mvua inakuwahi." Basi. Hiyo tu. Na watu walikuwa wanalia machozi, wengine wananiambia we ndugu unapotea hapa, we ni wa jukwaani. Sasa mtu anaambiwa hivyo miaka tisa, na anaambiwa na watu wazima wenye digrii, ungefanyaje?

Mke wangu nilimweleza usiku. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunika sufuria, akasema, "Baba watoto, humu ndani tumekaa miaka kumi na moja. Umenichekesha lini?" Nikajua huyu ana wivu.

Baba mkwe nilimfuata Kasulu kabisa, kwa heshima, na lita tano za mafuta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe. Hiyo kazi mpya ina bima?"

"Haina baba."

"Pensheni je?"

"Haina."

Akanyamaza. Akaangalia migomba yake muda mrefu. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaita watu wa ndani waje wasikie. Ndo kicheko changu cha kwanza tangu niache kazi, na sikulipwa.

Sasa ngoja nikwambie balaa la kuchekesha Kigoma. Pesa ya mji huu inatoka ziwani, ziwa likipiga chafya muuza chipsi anashikwa mafua. Mi nimeacha kazi Aprili, Mei 15 ziwa likafungwa uvuvi mpaka Agosti 15, dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Sikatai, samaki nao wana haki ya faragha. Ila nisingeweza kuambiwa mapema? Miezi mitatu hiyo nilikuwa nafanya shoo kwa watu walioshika glasi ya maji masaa matatu mazima, wananiangalia kama mimi ndo nimefunga ziwa.

Agosti likafunguliwa, nikasema haya sasa. Nikapanga shoo kubwa, kiingilio elfu tatu, nikabandika matangazo mpaka Kibirizi kwenye miti. Nikachagua usiku wa mbalamwezi, kwa akili zangu: dagaa huvuliwa usiku wa giza, wavuvi wanawasha taa juu ya maji dagaa wanaufuata mwanga, mwezi ukiwaka sana taa haina kazi, basi mitumbwi inavutwa mchangani na vijana wote wanabaki nchi kavu siku kadhaa. Watazamaji tele! Na kweli walikuja. Walijaa. Walisimama nje ya ukumbi wakichungulia dirishani, maana mvuvi wa wakati wa mbalamwezi hana shilingi, kashakula ya giza lote, anasubiri giza lingine. Ndani walilipa watu kumi na mmoja, na watatu kati yao ni shemeji zangu ambao nauli ya kurudi waliniomba mimi. Nikasema sawa, mwezi ujao napanga kwenye giza, wakati pesa ipo. Pesa ilikuwepo kweli, ila wenye pesa walikuwa katikati ya ziwa wanavua. Nilisimama jukwaani naziona taa zao kule majini, zimejipanga kama mji, na mbele yangu yuko mlinzi na mtoto wa mama ntilie.

Na msidhani sikujifunza kazi. Niliangalia video usiku na mchana, nikajua kwamba joki ina mguu wa mbele na mguu wa nyuma, ule wa mbele unamtuliza mtu, wa nyuma unampiga ngwala, wenyewe wanaita panchi. Nikatunga moja ya hapa hapa nyumbani. Nikaenda nayo Ujiji. Nikasema, jamani, mwaka 1871 Stanley katembea kutoka pwani miezi na miezi kumtafuta Livingstone, kafika hapa Ujiji, mji mzima mzungu ni mmoja, eti anavua kofia anamwambia "Daktari Livingstone, nadhani?" Unadhani nini? Ulidhani ni muuza kashata?

Kimya. Halafu mzee mmoja mwenye baraghashia, kakaa mbele na kikombe chake cha kahawa, akanyoosha kidole kama yuko darasani.

"Mjukuu wangu."

"Naam babu."

"Hiyo hata watalii tunawapigia. Tena sisi tunamalizia vizuri zaidi."

Na akaimalizia! Ukumbi ukalipuka, mi nimesimama na maiki namshikia. Wakamchangia hela ya kahawa.

Hili ndo linaloniuma, huku kwetu kuchekesha ni kama kupumua, nani anunue pumzi? Nenda kijiwe chochote cha draft Gungu, kuna mtu hana viatu lakini ana panchi kumi kwa dakika. Nenda msibani. Shangazi yangu aliolewa Tabora, siku tunamzika mume wake, akatokea mtani wao wa Kizaramo, akaruka ndani ya kaburi akalala, eti hatoki, marehemu alikuwa na deni lake la kuku. Watu wanalia huku wanacheka, wakakusanya elfu ishirini na mbili ndo akatoka. Mi nilifunga hesabu pale pale kichwani: dakika nne, elfu ishirini na mbili, ukumbi bure, umeme hakuna. Mi mwezi ule mzima niliingiza elfu kumi na nane na sahani ya mgebuka.

Mwezi uliopita ofisi ya zamani wakanipigia. Yule mzee wa presha anastaafu, wanataka emsii, laki moja na nusu, malipo kwa vocha baada ya shughuli. Nikasema hapa ndo nyumbani, hawa ndo wanaonijua. Nikavaa koti. Nikapanda na ile joki ya posho nimeifufua, nikaitoa taratibu, mguu wa mbele, mguu wa nyuma. Nikasikia uma ukigonga sahani. Mhudumu, yule yule wa kushika ukuta, alikuwa anatoa mwiba kwenye jino. Mzee aliangalia saa.

Akasimama karani mpya kutoa neno la shukrani, kijana mdogo tu, tai imemkaba. Akasema, "Wazee wangu, posho ni kama dagaa, usipoianua mapema mvua inakuwahi."

Neno kwa neno! Dakika ishirini baada ya mimi! Na ukumbi ukaangua kicheko, dereva kakimbilia nje, mhudumu kaufuata ukuta, mzee kapiga meza miwani ikaingia kwenye pilau. Nikapandwa na hasira, nishavuta pumzi kabisa, nishanyanyua maiki nimwambie yule mtoto kwamba hiyo ni mali yangu. Ndo nikaona kwapani kwake faili la kaki, na karatasi inayochungulia ina jina langu, haijasainiwa.

Jamani nilicheka. Nilicheka mpaka nikakalia spika.